Ganzi ya dawa za saratani tusiifanye siri

Chaki ilinidondoka mara tatu katika kipindi kimoja, wanafunzi wakacheka. Hawakujua kwamba mwalimu wao hahisi ncha za vidole vyake.

Mimi nilisomea kambini Kigoma, kisha nikarejea Burundi kufundisha. Nilipopata saratani ya titi nilivuka mpaka tena, safari hii kufuata tiba. Nilipewa dawa ya paklitakseli. Niliambiwa nywele zitanyonyoka na nitatapika. Kuhusu mishipa ya fahamu sikuambiwa neno.

Baada ya dozi ya tatu nyayo zilianza kuchoma kama sindano, kisha zikafa ganzi. Nikanyamaza, nikihofia kukatiziwa dawa. Hilo ndilo kosa letu wengi. Daktari akiarifiwa mapema anaweza kupunguza kipimo au kuahirisha dozi kabla mishipa haijaumia zaidi. Mficha maradhi kilio humfichua: jioni moja nilikanyaga kaa la moto, nikalijua kwa harufu.

Ndugu zangu wafanyabiashara wa mpakani, nanyi mnahusika. Vidonge vya vitamini vinauzwa sokoni kama tiba ya ganzi. Hakuna vitamini iliyothibitishwa kuzuia ganzi hii. Tena vitamini B6, ikimezwa kwa wingi kwa muda mrefu, yenyewe huharibu mishipa ya fahamu. Kwa maumivu kuna duloksetini, dawa ya kuandikiwa na daktari. Huwapa nafuu baadhi ya wagonjwa, lakini si wote.

Mengine ni ya nyumbani. Kila usiku nakagua nyayo zangu kwa kioo. Maji ya kuoga nayapima kwa kiwiko. Siendi peku wala kwa kandambili, na tochi iko kando ya kitanda. Kwa wengi hali hupungua taratibu tiba ikiisha; kwa wengine hudumu miaka.

Rai yangu ni mbili. Kabla ya kila dozi, mgonjwa aulizwe: unaweza kufunga kifungo? Unahisi ardhi unapokanyaga? Maswali hayo hayagharimu hata senti. Pili, anayerudi nyumbani apewe barua yenye jina la dawa na idadi ya dozi, ili mganga wa kijijini asianze kubahatisha.

Nawe uliye kwenye tiba, sema mapema. Mimi nilichelewa.