KAMERA YAONGOZWA NA MTU, SI NA WAYA



Matajiri wa televisheni wamezua hesabu mpya. Zamani walihesabu hivi: kamera nne, watu wanne. Sasa wanahesabu hivi: kamera nne, mtu mmoja, kijiti kimoja. Kamera zimefungwa ukutani na darini. Zinageuka kushoto na kulia, zinainama na kuinuka, zinavuta picha karibu na kuirudisha mbali, na hakuna mtu aliyesimama nyuma yake. Anayeziongoza ameketi katika chumba kingine mbele ya meza yenye vifungo. Pengine ameketi katika mji mwingine kabisa. Tajiri anatazama jambo hili, anatabasamu, kisha anamwita karani wa mishahara.

Sisi hatuogopi mtambo. Tangu televisheni ianze hapa Kenya mwaka 1962, watu wa kamera wamejifunza mitambo mingi, ya filamu, ya tepu na ya kadi. Kila ulipokuja mpya tuliushika, tukaujua, tukaufanyia kazi. Tunalopinga si kamera. Tunapinga uongo unaokuja ndani ya sanduku pamoja na kamera. Uongo huo una sehemu tatu, nasi tutaujibu sehemu kwa sehemu, ili kila mwanachama awe na jibu siku atakapoitwa ofisini.

UONGO WA KWANZA: "NI KUCHOMEKA WAYA TU"

Wanasema kutayarisha kamera hizi ni kazi ya nusu saa, mtoto wa shule aweza kuifanya. Mwenye kusema hivyo hajapata kuifanya. Na tuihesabu.

Kwanza ni anwani. Meza ya kuongozea na kamera huzungumza kwa lugha yao, na lugha moja iliyoenea sana ni VISCA, iliyotengenezwa na Sony. Ukiunga kamera kwa nyaya za zamani za mfuatano, mnyororo mmoja hauwezi kubeba zaidi ya kamera saba. Na ya pili ikizimika, amri haifiki kwa ya tatu wala kwa zilizo nyuma yake. Ukiunga kwa mtandao, kila kamera lazima iwe na namba yake isiyofanana na ya nyingine. Kamera mbili zikigawana namba moja, utasukuma kijiti na usijue ipi itatii, au zote zitakaa kimya. Tena siyo kamera zote zinazosema lugha moja. Kuna za kampuni hii na za kampuni ile, na fundi ndiye mkalimani.

Pili ni umeme. Nyingi za kamera hizi hula umeme kupitia waya ule ule wa mtandao. Kipimo cha mwaka 2003 hutoa wati 15.4 katika kila tundu, na kipimo cha mwaka 2009 hutoa wati 30. Kamera yenye kutaka zaidi ikichomekwa katika tundu dogo, haitawaka, au itawaka wakati wa majaribio na kukusaliti inapoanza kazi. Na waya huo hauruhusiwi kupita mita 100. Katika ukumbi mkubwa mita 100 huisha upesi, kwa sababu waya haupiti hewani kama ndege: hupanda ukuta, huzunguka dari, hushuka nyuma ya jukwaa. Ni nani anayepanda ngazi kuupitisha? Si meneja.

Tatu ni mapigo ya umeme wenyewe. Umeme wa Kenya hupiga mara 50 kwa sekunde, na wa Marekani mara 60. Kamera iliyopangwa kwa mapigo ya Marekani, isipobadilishwa, hutoa picha inayopepesa chini ya taa zetu. Kamera nne lazima zipangwe sawasawa moja baada ya nyingine, tena kwa kufuata mapigo ya hapa.

Nne ni rangi, na hapa ndipo ufundi wenyewe ulipo. Mwanga wa taa za studio za zamani ni wa kipimo cha 3200, na mwanga wa mchana unaoingia dirishani ni karibu 5600. Kamera iliyo karibu na dirisha itaona samawati, ile ya pembeni itaona manjano. Mtazamaji nyumbani ataona mgeni mmoja mwenye ngozi nne. Kulinganisha weupe, weusi na ngozi katika kamera zote ni kazi ya jicho na ya subira.

Nao wanasema, "Iweke ijipange yenyewe." Sikilizeni matokeo yake. Kamera inayojipimia mwanga hutazama picha nzima na kutafuta wastani. Mketishe Mwafrika mbele ya ukuta mweupe au dirisha lenye jua. Kamera itaona weupe mwingi, itapunguza mwanga, na uso wa mgeni utakuwa kivuli. Ukuta umepigwa picha safi, mtu amepotea. Kamera haijui kwamba mtu ndiye habari. Anayejua ni yule aliyeshika kitufe cha kufungulia lenzi, na kwa ujuzi huo tunadai malipo.

UONGO WA PILI: "MTU MMOJA ANATOSHA"

Tunakubali kwamba kuna kazi ambayo mtu mmoja aweza kuifanya. Msomaji wa habari ameketi kwenye kiti kisichosogea, na picha zimehifadhiwa kwa namba: moja ni uso, mbili ni meza, tatu ni studio nzima. Hapo kubonyeza namba kunatosha.

Lakini matajiri hawaishii hapo. Kijiti kile kile wanakipeleka kwenye mkutano wa hadhara, kwenye mazishi, kwenye mpira na kwenye ibada. Huko kiti hakikai mahali pamoja. Msemaji anasimama, mama analia upande wa kulia, kwaya inaingia kutoka mlangoni. Wakati mtu mmoja anageuza kamera ya pili, kamera ya tatu iko hewani na imeachwa na aliyekuwa ndani yake. Akiikimbilia ya tatu, ya nne imechomwa na jua na hakuna wa kuifunga. Wazee walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Leo tunaambiwa kidole kimoja kiongoze kamera nne, kiangalie rangi, kisikilize maagizo ya mwongozaji, tena kisikosee.

Na kukosea ni rahisi. Ikiwa taa nyekundu ya kuonyesha kamera iliyo hewani haikuunganishwa kwenye meza ya kuongozea, mtu atageuza kamera ambayo nchi nzima inaitazama. Ikiwa picha inakuja kwa intaneti kutoka mbali, inachelewa. Unasukuma kijiti, huoni kitu, unasukuma tena, kisha kamera inapita mahali ulipopataka. Wanaoitwa ofisini kujieleza ni waliokuwa zamu. Aliyekataa kununua waya wa taa nyekundu haitwi.

Tajiri mwingine huenda mbali zaidi akasema kwamba hata huyo mmoja hahitajiki, kamera itafuata mchezo yenyewe. Na amtazame ndugu yake wa Scotland. Mwezi wa Oktoba 2020, klabu ya Inverness Caledonian Thistle ilikuwa imeweka kamera ya kujiongoza yenyewe, yenye kufuata mpira, badala ya wapiga picha. Katika mchezo na Ayr United kamera hiyo iliuacha mpira mara kwa mara, ikafuata kichwa chenye upara cha mshika kibendera. Mtangazaji alilazimika kuwaomba radhi watazamaji. Dunia nzima ilicheka. Sisi pia tulicheka, lakini tukajiuliza: watu wa kamera waliotolewa pale, walicheka?

UONGO WA TATU: "HAKUNA ATAKAYEPOTEZA KAZI"

Neno hili husemwa kwa mdomo, halisemwi kwa maandishi. Kwa hiyo na tutazame yaliyoandikwa.

Huko Marekani, mwaka 1987, watu wapata 2,800 wa chama cha NABET waligoma katika kampuni ya NBC kwa wiki 17. Jambo moja lililogombaniwa ni haki ya kampuni kuajiri vibarua wa siku badala ya watu wa kudumu. Mwaka uliofuata, 1988, kamera zinazoendeshwa kwa mitambo ziliingia katika studio ya habari ya NBC mjini New York. Hatusemi jambo la kwanza lilizaa la pili. Tunasema matajiri hawakuweka mtambo ule wauangalie kwa uzuri wake.

Hapa kwetu tazameni chai. Mwezi wa Oktoba 2010 wafanya kazi wa mashamba ya chai waligoma kupinga mashine za kuchumia. Mwezi wa Mei 2023 mashine za kuchumia chai zilichomwa moto huko Kericho. Chama hiki hakimwambii mtu kuchoma kitu. Moto hauandiki mkataba, na kesho yake mtambo mwingine huja pamoja na polisi. Lakini ukiwanyima watu nafasi ya kusema mezani, usishangae wakisema mahali pengine.

Basi na tuseme mezani. Sheria iko upande wetu kuliko wengi wanavyojua. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 40, inasema kwamba tajiri anayetaka kupunguza watu kwa sababu kazi yao haihitajiki tena lazima akijulishe chama na ofisa wa leba muda usiopungua mwezi mmoja kabla, aeleze sababu na idadi. Lazima achague kwa kuangalia muda wa utumishi, ujuzi, uwezo na uaminifu. Lazima alipe likizo zilizobaki kwa fedha taslimu, atoe notisi ya mwezi mmoja au mshahara wake, na alipe siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka uliotimia. Mtu wa miaka 12 hulipwa siku 180. Hicho ni kiasi cha chini tu. Mkataba mzuri waweza kukipita, na hiyo ndiyo kazi ya chama.

Angalieni pia hila. Tajiri mwerevu hasemi "napunguza watu". Anasema "nabadilisha majukumu". Anamwita mmoja mmoja, anampa karatasi ya kazi mpya, anamwomba atie sahihi kabla ya chakula cha mchana. Usitie sahihi. Chukua nakala, mwite mwakilishi wa chama.

TUNATAKA NINI?

1. Kamera za kuongozwa kutoka mbali zisianze kazi kabla ya mapatano ya maandishi kati ya tajiri na chama.

2. Kuzifunga, kuzipa anwani na kulinganisha rangi ihesabiwe kazi ya fundi, ilipwe mshahara wa fundi, na muda wake uwekwe katika zamu. Isiwe kazi ya bure ya usiku.

3. Katika matangazo ya moja kwa moja, anayeshika kijiti na anayeangalia rangi na mwanga wawe watu wawili. Nje ya studio, iwepo angalau kamera moja yenye mtu aliyesimama nyuma yake.

4. Waliokuwa nyuma ya kamera wafundishwe kwanza, saa za kazi, kwa mshahara kamili, kabla ya mgeni kuajiriwa.

5. Mtambo ukikosa kutii, asishitakiwe mtu mpaka chanzo kichunguzwe mbele ya mwakilishi wa chama.

6. Maneno ya siri yaliyokuja na kamera kutoka kiwandani yabadilishwe siku ya kwanza. Kamera na vinasa sauti vyake visitumike kuchungulia wafanya kazi katika mapumziko yao.

NENO KWETU WENYEWE

Ndugu, tajiri ana silaha moja kubwa kuliko kijiti, nayo ni mafarakano yetu. Anamwambia kijana anayejua mtandao, "Wazee hawa hawajui kompyuta, kazi ni yako." Kisha anamwambia mzee wa kamera, "Kijana huyu hajui picha, usimfundishe." Wote wawili wanafurahi kwa wiki moja, kisha mshahara wa kijana unakuwa nusu ya ule wa mzee aliyetolewa.

Ukweli ni kwamba meza ile inawataka wote wawili. Kijana anajua kwa nini kamera ya tatu haijibu. Mzee anajua kwamba msemaji anataka kusimama kabla hajasimama, maana amemwona akisogeza mguu. Kila mmoja na amfundishe mwenzake. Kuficha ujuzi hakulindi kazi. Kunamlazimisha tajiri kuutafuta nje kwa bei rahisi.

Nanyi vibarua mnaofunga kamera hizi makanisani, kwenye harusi na kumbi za mikutano, mnaolipwa kwa siku na kusahauliwa siku ya pili, msifikiri mambo haya hayawahusu. Bei mnayokubali Jumamosi ndiyo tajiri anayotuonyesha Jumatatu. Njooni chamani.

Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 41, inampa kila mfanya kazi haki ya kujiunga na chama na haki ya kugoma. Na Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka 2007 inamlazimisha tajiri kukitambua chama kilichoandikisha zaidi ya nusu ya wafanya kazi wake wanaoruhusiwa kuwa wanachama. Zaidi ya nusu, basi. Hatuombi hisani. Penye idadi hiyo tunaingia mezani kwa haki, na pasipo na idadi hiyo tutaendelea kusoma majina yetu kwenye ubao wa matangazo.

Fomu ziko kwa wawakilishi wa kila idara. Ichukue leo, ijaze, mpe na jirani yako wa zamu.

UMOJA NI NGUVU, UTENGANO NI UDHAIFU.