Edward Kabla ya Mkoloni

Katika vikao vyetu vya kuwasilisha mapendekezo ya utafiti, na hata katika insha za tahakiki tunazoandikia madarasani, pamezuka kanuni ambayo haijaandikwa popote lakini inatiiwa na wengi. Mhusika akipewa jina la Kizungu, mhakiki hana budi kutangaza kwamba mwandishi amemchora mtu aliyetekwa kimawazo na kuukana utamaduni wake. Akiitwa Otieno au Mwikali, huyo ana mizizi. Methali ya "Mwacha asili ni mtumwa" hugongwa hapo kama muhuri, na mjadala hufungwa. Makala haya yanakusudia kuufungua tena kwa kulitazama jina moja tu: Edward.

Sikulichagua kwa kubahatisha. Mengi ya majina tunayoyaita ya Kizungu si ya Kizungu kwa asili. James ni Yakobo wa Waebrania aliyepitia kwa Wagiriki na Warumi. John ni Yohana. Peter ni jiwe la Kigiriki. Mzungu aliyapokea jinsi tulivyoyapokea sisi, yaani kwa njia ya dini. Edward halimo katika kundi hilo. Ni jina la Kiingereza halisi, lililozaliwa zama ambazo Kiingereza hakijafanana na lugha tunayoijua leo, wala halimo katika Biblia. Ikiwa kuna jina linalostahili kushtakiwa kwa kosa la Uzungu, basi ni hili.

Katika Kiingereza cha Kale jina hili liliandikwa Eadweard. Kiungo cha kwanza, ead, kilimaanisha mali, neema au heri. Cha pili, weard, ni mlinzi. Edward, basi, ni mlinzi wa neema. Kiungo hicho cha pili hata sisi tunacho bila kujua: neno wodi la hospitalini na neno gadi yametoka katika shina lilo hilo, la kwanza kwa njia ya Kiingereza chenyewe, na la pili baada ya kuzunguka kwa Wafaransa. Kwa hiyo tunapoambiwa kwamba jina la Mwafrika lina maana ilhali la Mzungu ni kelele tupu, tunaambiwa jambo lisilo la kweli. Tofauti iliyopo ni kwamba Mluo bado anaisikia maana ya Otieno anapolitamka, ilhali Mwingereza aliacha kuisikia maana ya Edward karne nyingi zilizopita. Lugha yake ilimkimbia, jina likabaki.

Tena Waingereza wa kale walikuwa na utaratibu wa kutoa majina ambao mwanafunzi wa isimu atauona wa kuvutia. Kiungo kimoja kilizungushwa ndani ya ukoo. Mfalme Edward Mkubwa, mwana wa Alfred, aliyetawala kuanzia mwaka 899 hadi 924, alikuwa na wana walioitwa Edmund, Eadred na Edwin, na binti aliyeitwa Edith. Wote wameibeba ile ead ya baba yao. Na Edith hilo, likichambuliwa, ni neema na vita vilivyowekwa bega kwa bega bila kuunda sentensi yoyote. Wazazi walikuwa wakiutaja ukoo; hawakuwa wakitunga fumbo. Ningependa wanaochambua majina ya wahusika, na kulikamua kila jina mpaka litoe ujumbe, wakumbuke jambo hili.

Tuje sasa kwenye kiini cha hoja yangu. Edward aliyeitwa Muungama dini alitawala Uingereza tangu mwaka 1042 hadi alipofariki Januari 5, 1066. Hakuacha mtoto. Mwaka uo huo William wa Normandy alivuka bahari, na Oktoba akashinda vita vya Hastings na kuitwaa nchi. Makabaila wa Kiingereza walipoteza ardhi, maaskofu wao wakaondolewa mmoja baada ya mwingine, na Kifaransa kikawa lugha ya wenye nchi. Majina nayo yakaanza kuhama. Hapakuhitajika amri ya mfalme. Mkulima aliyetaka mwanawe aonekane mtu mbele ya bwana wake alimwita William, Robert au Richard, yaani kwa majina ya mabwana. Kufikia karne ya 13 majina ya Kinormani yalikuwa yameenea hata vijijini, na mengi ya yale ya Kiingereza cha Kale yalikuwa yamekwisha kusahauliwa.

Msomaji ataniuliza kama hadithi hii haifanani na nyingine anayoijua. Inafanana mno, na kisa kimoja kinanitosha kuwa ushahidi. Mwaka 1075, karibu na Shrewsbury, alizaliwa mtoto wa mama Mwingereza na baba kasisi aliyetoka Ufaransa. Alibatizwa Orderic, jina la padre wa Kiingereza aliyembatiza. Alipotimiza miaka kumi baba yake alimtoa kwa watawa wa Saint-Évroul, huko Normandy, ng'ambo ya bahari, na hawakuonana tena. Mtoto alifika akasikia lugha asiyoielewa; mwenyewe alijifananisha na Yusufu katika nchi ya Misri. Watawa wale waliliona jina lake gumu masikioni mwao. Wakampa jingine, Vitalis, la mtakatifu ambaye siku yake ilikuwa ikiadhimishwa. Orderic Vitalis alikua akawa miongoni mwa wanahistoria wakubwa wa zama zake, na katika kitabu chake kikubwa cha Kilatini hakusahau kutuarifu jinsi jina hilo la pili lilivyomjia. Tena alizoea kujitambulisha kuwa Mwingereza, ingawa aliishi Normandy hadi uzee wake.

Mtoto wa miaka kumi, bweni la watawa, lugha ya kigeni, jina linalowakera wakubwa, jina jipya la mtakatifu. Ukimwondoa Orderic katika kisa hiki na kumweka mtoto wa Kenya au wa Tanganyika katika shule ya misheni ya karne iliyopita, ni maneno mangapi utalazimika kubadilisha? Hata Vitalis lenyewe tunalo hapa Afrika Mashariki, na wengi wanaoitwa hivyo hawana habari kwamba liliwahi kutumiwa kulifukia jina la Kiingereza.

Wala wakubwa hawakusalimika. Mwaka 1100 Mfalme Henry wa Kwanza, mwana wa yule William, alimwoa binti wa ukoo wa wafalme wa kale wa Kiingereza. Jina lake lilikuwa Edith, lenye ead ileile. Alipotawazwa kuwa malkia aliitwa Matilda, jina lililokubalika kwa Wanormani. Hilo halikuwazuia makabaila kuwadhihaki mfalme na mkewe kwa kuwaita Godric na Godiva, majina ya Kiingereza yaliyokuwa yamegeuka ya kuchekesha, ya watu wa shamba.

Edward lilinusurika kwa sababu moja kubwa: mwenye jina alitangazwa mtakatifu mwaka 1161. Mfalme Henry wa Tatu, ambaye damu yake na lugha yake vilikuwa vya Kifaransa zaidi, alimpenda mtakatifu huyo kupita kiasi, na mwaka 1239 akampa mwanawe wa kwanza jina lake. Hivyo jina la walioshindwa likarudi ikuluni kupitia mlango wa kanisa, na kuanzia 1272 hadi 1377 Uingereza ikatawaliwa na Edward watatu mfululizo. Wa kwanza aliwateka watu wa Wales, akawatesa Waskoti na kuwafukuza Wayahudi nchini mwaka 1290. Jina lililookoka ushindi wa Wanormani halikuchelewa kuwa jina la mshindi.

Edward huyohuyo, mwaka 1295, akiwaita viongozi wa kanisa bungeni, alidai kwamba mfalme wa Ufaransa alikuwa na nia ya kuifuta lugha ya Kiingereza. Ajabu ni kwamba Kifaransa ndicho kilichozungumzwa katika baraza lake mwenyewe. Mjukuu wake, Edward wa Tatu, aliidhinisha mwaka 1362 sheria iliyoagiza kesi ziendeshwe kwa Kiingereza, nayo sheria hiyo iliandikwa kwa Kifaransa. Sisi ambao Katiba yetu ya 2010 iliipandisha hadhi lugha yetu katika Ibara ya 7, nasi tukaisoma ibara hiyo kwanza kwa Kiingereza, tuna haki ya kutabasamu hapa.

Jina lilipotufikia Afrika Mashariki lilikuwa limekwisha kuvaa mavazi ya dola. Henry Morton Stanley alilipachika kwenye ziwa lililokuwa na majina yake kwa wenyeji, kwa heshima ya mwana wa Malkia Victoria. Idi Amin akalifuta mwaka 1973 na kuandika lake, ambalo nalo lilifutwa baada ya kung'olewa kwake 1979. Lakini Edward Steere, askofu wa Unguja aliyefariki mwaka 1882, ndiye aliyekusanya ngano za Kiswahili na kuzichapisha mwaka 1870, na hakuna mwanafunzi wa fasihi simulizi asiyemdai au kudaiwa naye. Na Edward Moringe Sokoine, Mmaasai wa Monduli aliyekuwa Waziri Mkuu wa Tanzania hadi alipofariki katika ajali ya gari Aprili 12, 1984, je, tutathubutu kusema kwamba jina la ubatizo lilimpunguzia uzalendo?

Wapo watakaonijibu kwa kumtaja marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyelitupa jina la James alilolitumia kwenye jalada la riwaya yake ya kwanza mwaka 1964. Siupingi uamuzi wake. Ngũgĩ alilikataa jina kwa sababu alijua alilipewaje na lilikaa mahali pa nini, na hiyo ndiyo kazi ninayotaka mhakiki aifanye. Ninachopinga ni kuufanya uamuzi wa mtu mmoja kuwa mzani wa kumpimia kila mhusika na kila mwenzetu darasani. Mzani huo ukitumiwa kwa uaminifu, wa kwanza kuanguka atakuwa Shaaban Robert. Robert ni jina la Kijerumani cha kale lililoletwa Uingereza na Wanormani. Ndilo jina la baba yake William mwenyewe, nalo ni miongoni mwa yale yaliyoyasukuma kando majina ya kina Orderic. Mwislamu wa pwani ya Tanga alilibeba mpaka kaburini mwaka 1962, huku akiwaumba kina Adili na Utubora. Sijasoma tahakiki inayomwita mtumwa.

Kadhalika Rosa wa Kezilahabi. Katika Rosa Mistika jina hilo limetoka katika litania ya Bikira Maria, na bila kulijua hilo mhakiki hawezi kuuona uchungu wa mwandishi kulikabidhi kwa binti ambaye maisha yalimtenda vile. Kuandika tu kwamba "jina ni la Kizungu, hivyo ameathiriwa na ukoloni" ni kuupita mlango wa riwaya bila kubisha hodi.

Nimalizie na Edward ambaye sote tunamnukuu. Edward Said alizaliwa Yerusalemu mwaka 1935 katika familia ya Kiarabu, akapewa jina la mwana wa mfalme wa Uingereza aliyesifika wakati huo. Katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1999 alieleza jinsi Edward lilivyomsumbua likikaa mbele ya Said, akisema ilimchukua takriban miaka hamsini kupunguza dhiki hiyo. Wakati mwingine alilitamka moja upesi na kulikazia jingine, kutegemea aliyekuwa mbele yake. Hapo Kiswahili kina la kuongeza. Said ni Saidi wetu, kutoka katika mzizi uleule uliotupatia neno saada, yaani heri na bahati njema. Na ead, kama tulivyoona, ni heri. Mtu yule aliyeuandikia ulimwengu juu ya ukuta uliojengwa baina ya Mashariki na Magharibi alitembea maisha yake yote na neno moja lililotamkwa mara mbili, kwa lugha za pande zote mbili za ukuta huo.