Mabaki ya uzi nayo yana masharti
Umeeleza vizuri, dada, jinsi ya kufuma blanketi kwa mabaki ya uzi, ila umeruka jambo moja: uzi wa sufu halisi na wa akriliki usichanganywe kwenye blanketi la mtoto. Sufu ikifuliwa kwa maji ya moto na kusuguliwa hunywea, akriliki inabaki ilivyo, blanketi zima linakwenda upande. Sisi wa Njombe, na baridi yetu ya Juni, tunaijua shida hiyo. Nyuzi zikipishana unene, shika mbili nyembamba ufume kama moja. Rangi zisikusumbue; zungushia pindo la rangi moja, hata chungwa na zambarau zitapatana. Ila tafadhali, matundu yawe madogo, maana vidole vya kichanga hunasa.