NYUMBA NA MALEZI: Binti Naye Aketi Mbele ya Bao

Mwaka 2012 ulikuwa mwaka wenye mambo mengi katika mchezo wa sataranji. Mwezi Mei, mjini Moscow, Viswanathan Anand wa India aliulinda ubingwa wa dunia mbele ya Boris Gelfand wa Israel. Michezo 12 iliwaacha sawa, 6 kwa 6, hata mshindi akapatikana kwa michezo ya haraka. Mwezi Desemba, kijana wa Norway, Magnus Carlsen, mwenye umri wa miaka 22, alishinda mashindano ya London na kuivuka rekodi ya pointi 2851 iliyowekwa na Garry Kasparov mwaka 1999.

Lakini kwa wananchi wa Uganda habari kubwa ilitoka Istanbul, Uturuki, kwenye Olimpiadi ya sataranji. Armenia ilitwaa dhahabu ya kundi la wote, na Urusi ile ya wanawake. Uganda haikurudi na nishani. Hata hivyo Phiona Mutesi na Ivy Amoko walitunukiwa cheo cha kimataifa, wakawa wanawake wa kwanza wa Uganda kukipata katika mchezo huo.

Phiona ni mzaliwa wa Katwe, Kampala. Mwaka 2005, akiwa ameacha shule kwa kukosa karo, alimfuata kaka yake hadi kwa mwalimu Robert Katende, aliyekuwa akiwapa watoto uji na kuwafundisha sataranji. Uji ndio uliomwita. Mchezo ndio uliombakiza. Mwaka 2009 alikuwa mmoja wa watoto watatu wa Uganda walioshinda mashindano ya watoto mjini Juba. Baadaye alipata msaada, akarudi darasani.

Mkazi wa Ediofe anaifahamu njia ya Juba: hutoka Arua, hupita Koboko, huvuka mpaka. Ni karibu kuliko Kampala. Basi ushindi ule haukupatikana nchi ya mbali, na mtoto wa Ediofe hana sababu ya kuuona kuwa ni wa wengine.

Kizuizi mara nyingi kimo nyumbani. Baba askari yuko lindoni au safarini, na kazi za jioni humwangukia mama na binti. Mvulana huketi na wenzake kucheza. Dada yake yuko bombani akingoja maji, au jikoni akipuliza moto. Akimaliza, usiku umeingia na macho ni mazito. Baadaye husemwa kwamba wasichana hawana akili ya mchezo huo, ilhali hawakupewa nafasi ya kujifunza.

Wala fedha si udhuru. Kipande cha katoni huchorwa miraba 64, na vizibo 32 vya soda vikatiwa alama vikawa kete. Kitunda, kete iliyo ndogo kuliko zote, hairudi nyuma. Ikifika mstari wa mwisho hugeuzwa malkia. Sheria hiyo mtoto huielewa upesi.

Samaki mkunje angali mbichi. Wazazi, wa kambini na wa uraiani, wazigawe kazi za jioni kwa zamu: leo mvulana aoshe vyombo, kesho binti. Masomo yakiisha, kila mmoja apewe muda wake mbele ya bao, na baba arudipo likizo aketi upande wa pili, acheze na binti yake.