Kamanda, Tuandikie Milimita

Kwa Kamanda wa Kikosi cha Usalama Barabarani,
Jeshi la Polisi Tanzania.

Nakala: Mkurugenzi Mkuu, Shirika la Viwango Tanzania.

YAH: MAGARI YANAYONYANYULIWA NA KUFUNGWA MATAIRI MAKUBWA

Afande Kamanda,

Nakuandikia kutoka bonde la Kilombero, ambako pikapu hubeba mpunga asubuhi, mgonjwa mchana na, ikibidi, jeneza jioni. Pikapu nyingi za huku zimenyanyuliwa. Nyingine zimenyanyuliwa vizuri, nyingine zinatisha, na mafundi walionyanyua zote mbili wanatumia kipimo kimoja: macho. Sikuombi uwakamate. Naomba utuandikie ni milimita ngapi gari linaruhusiwa kupanda, kwa njia zipi, na likishapanda likaguliwe nini.

Najua jibu la haraka litakuwa kwamba gari libaki lilivyotoka kiwandani. Basi karibu huku mwezi wa nne. Ukivuka Daraja la Magufuli kuelekea Lupiro na Malinyi, ukiacha barabara kubwa na kuingia njia za mashambani, unakuta udongo mweusi ambao kiangazi hupasuka nyufa na masika hugeuka uji. Malori ya Fuso na matrekta hupita humo na kuchimba mifereji miwili. Fuso ni pana kuliko pikapu, kwa hiyo pikapu haiwezi kuweka magurudumu yote katika mifereji hiyo. Mguu mmoja unazama, mwingine unapanda tuta la katikati, na difu linalima udongo mpaka gari linalala juu ya tumbo lake. Hapo dereva hata awe hodari vipi, magurudumu yanazunguka hewani. TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu ianzishwe mwaka 2017 imekabidhiwa mtandao wa barabara unaozidi kilomita 140,000, na sehemu kubwa yake ni udongo na changarawe. Zitatengenezwa, naamini. Ila mpunga hausubiri lami.

Kwa hiyo watu wananyanyua. Hapa niruhusu nieleze jambo ambalo hata wenye magari wengi hawalijui, maana ndilo linaloamua fedha ziende wapi. Ukiongeza springi au kuweka spesa, unainua chesisi na bodi. Difu la nyuma linabaki palepale, kwa sababu limeketi kwenye ekseli, na ekseli imeketi kwenye magurudumu. Kwa pikapu yenye ekseli nzima nyuma, kitu pekee kinachoinua difu kutoka ardhini ni tairi lenye kipenyo kikubwa zaidi. Springi zinapandishwa ili tairi hilo lipate nafasi, lisikwangue madigadi gari linapokata kona au kuingia shimoni. Kuna anayelipia springi za bei mbaya, akabaki na matairi yaleyale, kisha akashangaa difu bado linalima. Amenunua kimo, hakununua nafasi.

Hesabu yenyewe si ngumu. Chukua Hilux yenye matairi 265/65R17. Kipenyo chake ni karibu milimita 776. Ukiweka 265/70R17 unapata 803, yaani difu linapanda milimita 13, kwa kuwa nusu tu ya ongezeko la kipenyo ndiyo inayokwenda chini ya ekseli. Ukiweka 285/70R17 unafika 831, na difu linapanda milimita 27. Kwa asiyeishi huku, milimita 27 ni upana usiofika hata vidole viwili, usio na maana. Katika tuta la tope ndiyo tofauti ya kupita na kulala porini.

Lakini tairi hilo la pili linakuja na deni. Kipenyo kimeongezeka kwa asilimia 7, na mshale wa spidi hauna habari. Ukisoma 50, gari linakwenda 53 na zaidi. Ukisoma 80, uko kwenye 85 au 86. Ni kweli kwamba mishale mingi ya kiwandani husoma juu kidogo ya mwendo halisi, kwa hiyo sehemu ya kosa hilo humezwa humo. Sehemu nyingine humezwa na tochi ya vijana wako, na dereva analipa shilingi 30,000 huku akiapa kwamba hakuzidisha, na kwa anachokijua yeye, hasemi uongo. Simu yoyote yenye ramani inaweza kumwonyesha mwendo wake wa kweli ndani ya dakika chache. Hakuna aliyemwambia apime.

Mshale ni jambo dogo. Linalonifanya niandike barua hii ni breki.

Chini ya pikapu nyingi za kazi, hasa Hilux za miaka ya nyuma, kuna kifimbo chembamba cha chuma kinachotoka kwenye ekseli ya nyuma kwenda kwenye vali ndogo iliyofungwa kwenye chesisi. Kazi yake ni kupima mzigo. Ukipakia, chesisi inashuka kuelekea ekseli, kifimbo kinaisukuma vali, na breki za nyuma zinaruhusiwa kukamata kwa nguvu. Gari likiwa tupu chesisi inapanda, na vali inazipunguzia breki hizo nguvu ili magurudumu ya nyuma yasijifunge na mkia wa gari ukatangulia. Sasa fundi ananyanyua nyuma kwa milimita 50 na hagusi kifimbo. Tangu siku hiyo vali inaamini gari ni tupu. Umepakia magunia kumi ya mpunga na watu sita juu yake, unateremka kutoka Mahenge, unakanyaga breki, na breki za nyuma zinafanya kazi ya gari lisilo na mzigo. Uzito wote unaachiwa mbele. Breki za mbele zinachemka, pedeli inakuwa laini, na ajali ikitokea taarifa itaandika kwamba breki zilifeli.

Dawa yake ni kipande cha bati nene na bolti mbili: unapandisha kishikio cha kile kifimbo kwa kiasi kilekile ulichonyanyua gari. Gharama yake haifiki hata ya kubadilisha oili. Na kwa kuwa hakuna karatasi inayomwambia fundi afanye hivyo, mara nyingi haifanyiki. Hali ni hiyohiyo kwa mpira wa breki unaokwenda kwenye ekseli. Gari likipanda, mpira unavutika, na gurudumu likining'inia shimoni linaweza kuukata.

Nimesema bei, na bei ndiyo kiini cha jambo hili. Seti kamili ya springi na shokapu zilizotengenezwa kwa ajili ya kunyanyua, zile zinazotoka Australia, hufika mamilioni ya shilingi. Mkulima wa ekari tano hanunui hizo. Anakwenda kwa mkereza vyuma, anachongewa spesa za alumini au chuma, na fundi anazifunga juu ya shokapu za mbele. Sioni ubaya wa spesa zenyewe. Ubaya ni kutokujua kwamba katika pikapu ambayo springi ya mbele imevaa shokapu, shokapu hiyo imefungwa katikati ya mkono wa gurudumu, kwa hiyo spesa ya milimita 25 inainua mbele karibu mara mbili yake. Mteja anasema anataka milimita 50, mkereza anachonga spesa ya 50, na gari linapanda karibu 100. Sivijointi zinakaa kwa pembe ambayo hazikuumbiwa, mipira yake inapasuka, mchanga unaingia, na boljointi zinafuata. Matairi mapya aliyoyanunua kwa jasho yanalika upande mmoja kwa sababu hakuna aliyekwenda kupima alaimenti.

Nyuma kuna njia tatu za mwenye mfuko mwembamba. Ya kwanza ni kuongeza jani moja la springi. Inanyanyua na inabeba, ingawa gari likiwa tupu litakurusha. Ya pili ni sheko ndefu. Ikizidi kwa milimita 50 inakupa kama 25 hivi, na ukiirefusha sana gari linaanza kuyumba ubavuni. Ya tatu ni bloku ya chuma kati ya ekseli na springi. Bloku moja imara, yenye yubolti mpya za urefu wake, kwa nyuma, inafanya kazi. Nimeona bloku mbili zimepangwa moja juu ya nyingine na kufungwa kwa yubolti za zamani zilizoungwa kwa kuchomelea. Nimeona bloku ya mti. Na nimeona bloku mbele, kwenye ekseli inayokata kona, kwenye pikapu ya zamani yenye majani mbele na nyuma. Bloku ya mbele ikichomoka unapofunga breki, ekseli inahama na usukani unabaki pambo mkononi. Hiyo ipigwe marufuku kwa maandishi makubwa, afande, na mwenye gereji anayeifunga awajibike pamoja na dereva.

Huoni hapo, Kamanda, kwamba njia rahisi si lazima iwe njia ya hatari? Jani moja, spesa iliyopimwa sawasawa, kishikio cha breki kilichopandishwa, mpira wa breki mrefu kidogo, tairi lenye uwezo wa mzigo usiopungua ule wa tairi la kiwandani, alaimenti: kwa hayo umepata gari la masika ambalo mwalimu au mkulima anaweza kulimudu. Kinachokosekana ni mtu mwenye mamlaka wa kuchora mstari kati ya hilo na bloku ya mti.

Wenzetu wameuchora. Australia, nchi yenye mapori na vumbi la kutosha, haikuzuia watu kunyanyua magari. New South Wales imeruhusu jumla ya milimita 75 kwa gari linalovuta kwa magurudumu yote manne, yaani 50 za springi na 25 za tairi, bila kupitia kwa mhandisi. Ukizidi hapo unakwenda kupimwa na kupewa cheti. Milimita 25 za tairi maana yake ni ongezeko la 50 katika kipenyo. Kwa kipimo hicho ile 265/70R17 niliyoitaja inapita bila maswali, na 285/70R17 inazidi kwa milimita chache, basi iende ikakaguliwe. Sisemi tunakili. Australia haipandishi watu nyuma ya pikapu kwenda mnadani, na sisi tunapandisha. Gari lililoinuliwa limeinua na uzito wake, na watu waliosimama nyuma wanauinua zaidi. Huenda sisi tukahitaji kikomo cha chini zaidi kwa pikapu inayobeba abiria, au tuseme wazi kwamba iliyonyanyuliwa isibebe mtu nyuma. Hili la pili litapigiwa kelele huku kwetu, na baadhi ya kelele zitakuwa za kwangu, maana mgonjwa anayelazwa kwenye godoro nyuma hana usafiri mwingine.

Watu wa kutengeneza kanuni hiyo mnao. Shirika la Viwango linajua kuandika kipimo. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji pale Mabibo kinafundisha na kukagua magari. VETA inatoa mafundi kila mwaka, na fundi kijana aliyefundishwa hesabu ya spesa akiwa chuoni hatachonga ya 50 anapoambiwa 50. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 ilikuja wakati gari la kijijini lilikuwa Land Rover iliyotoka kiwandani ikiwa tayari ndefu. Siku hizi tunanunua gari lililotumika Japani kwenye lami, kisha tunalifundisha kutembea kwenye majaruba.

Yapo pia magari ya Dar es Salaam yaliyonyanyuliwa kwa urembo, yenye matairi yaliyotoka nje ya madigadi na taa zinazowapiga wenzao usoni usiku, ilhali wenye magari hayo tope hawalijui. Hao sina hamu ya kuwatetea. Lakini kipimo kiwe kimoja kwao na kwetu, na kizungumzie hayo pia: tairi lisitoke nje ya madigadi, maana linarusha mawe na kuchosha beringi, na taa zishushwe upya baada ya kunyanyua. Kurekebisha taa hakuhitaji chochote zaidi ya ukuta, bisibisi na nusu saa ya jioni.

Kwa sasa mwenye pikapu anaweza kusimamishwa mara mbili katika safari moja. Askari wa kwanza anatazama, anagonga tairi kwa kiatu na kusema nenda. Wa pili anasema gari limebadilishwa umbo. Wote wawili wanaweza kuwa waaminifu, kwa sababu hakuna kati yao aliyepewa namba ya kupimia. Na penye kanuni ya mdomo, bei nayo huwa ya mdomo. Unalijua hilo kuliko mimi.

Ninachopendekeza kianze ni kidogo. Wiki ya Nenda kwa Usalama inakuja kila mwaka, na magari yanakaguliwa ili yapewe stika. Ongezeni hapo kipengele kimoja kwa magari yaliyonyanyuliwa: futi ya kupimia kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi, macho chini ya gari kutazama bloku, mpira wa breki na kile kifimbo, kisha breki zijaribiwe gari likiwa na mzigo, si tupu. Aliyepita apewe karatasi yenye mhuri ikae pamoja na kadi ya gari, ili hata deiwaka anayeendesha siku hiyo awe na cha kuonyesha. Aliyefeli aambiwe ni kipi hasa akirekebishe, apewe siku za kukirekebisha, na arudi.

Mkihitaji mahali pa kujaribia kabla ya kuandika kanuni, leteni wakaguzi Ifakara masika ijayo. Magari ya kila aina ya unyanyuaji yapo, mafundi wake wapo, na wengi wao wangefurahi kuulizwa.

Nawasilisha.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwenye pikapu, Ifakara.