KABLA YA FOKLIFTI, TUNUNUE CHAGA NA TOROLI

Ndugu wanachama,

Msimu wa pamba ukikaribia, maneno huwa mengi pale kwenye mizani. Wapo wanaosema ushirika wetu umebaki nyuma, eti jineri zina foklifti na sisi bado tunabeba kwa mgongo. Wengine wanasema acheni bwana, vijana wapo, mashine ya nini? Mimi naona pande zote mbili hazijapima vizuri.

Kwanza tujue foklifti ni kitu gani. Ni gari fupi lenye vyuma viwili mbele vinavyoingia chini ya mzigo na kuunyanyua. Nyuma limewekewa uzito mkubwa ili lisipinduke, kama jiwe la mizani linavyosawazisha gunia. Mwaka 1917 kiwanda cha Clark, huko Michigan, Marekani, kilijitengenezea kigari cha kuhamisha mizigo ndani ya kiwanda. Wageni waliokiona wakakitamani, wakaomba nao watengenezewe. Vyuma vya kunyanyulia vilikuja baadaye. Halafu Vita Kuu ya Pili ikayaeneza magari hayo, kwa kuwa majeshi yalikuwa na shehena nyingi mno za kupakia na kupakua.

Sasa angalieni: foklifti peke yake haifanyi kazi. Inataka chaga, yaani vile vitanda vya mbao vya kupangia mzigo, ili vyuma vipate pa kuingia. Inataka sakafu ngumu, mlango mpana, dereva aliyefunzwa, mafuta na fundi. Jineri inastahili kuwa nayo, maana robota moja la pamba ni kilo 180 hivi, na yanatoka mengi. Ghala la kijiji, linalojaa miezi michache kisha likabaki na popo, litailisha nini? Fedha itakayolala juu ya matairi ni fedha ya mkulima.

Lakini wanaosema "vijana wapo" nao wasichekelee. Mgongo hauna spea. Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza mwanamume mzima asibebeshwe zaidi ya kilo 55. Sisi gunia la kilo 100 tunamtwika mtu mmoja, na likiwa lumbesa ndiyo balaa kabisa. Kuli analipwa kwa gunia. Akiteguka kiuno analala nyumbani, hana gunia wala ujira. Na huyo kuli siyo mgeni, ni mtoto wa mwanachama.

Kwa hiyo napendekeza mambo manne:

1. Tutengeneze chaga za kutosha, fundi seremala tunaye. Mzigo ukikaa juu ya chaga hauvuti unyevu wa sakafu, na pamba safi na kavu haina ubishi wa daraja.

2. Tununue toroli mbili zenye matairi imara.

3. Gunia la dengu, choroko au mahindi lisizidi kilo 50. Likizidi, wabebe wawili, na wote wawili walipwe.

4. Tujenge jukwaa la saruji mlangoni, lenye kimo cha bodi ya lori, toroli iingie moja kwa moja. Kupanda ubao na gunia kichwani ndiko kunakoangusha watu.

Hayo ndiyo mawazo yaliyozaa foklifti: mzigo usikae chini, usibebwe mara mbili, na gurudumu lifanye kazi ya mgongo. Mawazo hayo hayahitaji dizeli.

Wazee wetu wa Usukuma waliingia katika ushirika miaka ya 1950 kwa sababu walichoka kupunjwa kwenye mizani. Walilinda jasho la shambani. Sisi tulinde na jasho la ghalani.

Naomba hoja hii iingizwe kwenye mkutano mkuu kabla ya msimu kufunguliwa. Anayepinga naye aandike, ukuta ni wetu sote.



Mwanaushirika mwenzenu