Neno kwa Vijana: Kuishi Bila Kusudio



Katika Kichwamaji, riwaya ya Euphrase Kezilahabi iliyotoka mwaka 1974, Kazimoto ni mwanafunzi wa chuo kikuu. Elimu anayo, akili anayo, lakini haoni maisha yana maana gani; mwishowe ajiua. Msimcheke. Hata Mbinga na Mbamba Bay wako waliomaliza shule wakabaki barazani, jua likicha na kuchwa.

Je, yampasa mtu awe na kusudio? Qur'ani Tukufu, Sura ya 23, aya ya 115, yatuonya tusidhani kwamba tumeumbwa ovyo. Lakini kusudio si mali wala ukubwa. Mtazameni Mmatengo mlimani: huchimba ngoro, mashimo yazuiayo mvua isichukue udongo, hupanda mbuni hali ajua kwamba hatachuma kabla ya miaka kama mitatu. Mvuvi wa Nyasa naye hutega wavu asijue atapata nini. Wote wawili wana la kuamkia.

Mtume wetu (S.A.W.) alifundisha kwamba hata Kiyama kikisimama na mkononi mwa mtu mna mche, aupande akiweza. Basi matokeo ni ya Mungu. Kupanda ni kwetu.

Enyi wazazi, kijana aliyekata tamaa msimwite mvivu kabla hamjamsikiliza. Nawe kijana, ukizidiwa na giza usilibebe peke yako: sema. Kisha tafuta mche mmoja, uupande.

Wabillahi tawfiq.